Kufuta Orodha ya Amri katika Kompyuta ya Zamani

Wewe uliyekosa kusikiliza redioni, soma polepole, na mwenzako akusikilize.

Tuseme wewe ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima. Msimu wa korosho umefika. Unakwenda dukani panapochapwa barua, na pale ipo kompyuta ya zamani inayotumia Windows 7, programu iliyotolewa mwaka 2009. Unachomeka flashi yako, unaandika amri ya kufungua hati ya malipo ya wakulima. Kazi ikiisha unachomoa flashi, unalipa, unakwenda zako. Je, umeondoka na kila kilicho chako? Hapana. Jina la hati limebaki nyuma.

Limebaki wapi? Shika kitufe chenye alama ya dirisha, na bila kukiachia piga herufi R. Kitafunguka kisanduku kilichoandikwa Run. Humo ndimo zinamoandikwa amri. Bofya mshale mdogo ulio mwisho wa mstari. Mara orodha inateremka: amri zako, na za waliokutangulia. Kompyuta huziweka ili mtu asipate taabu ya kuziandika tena. Kwa mashine ya mtu mmoja, huo ni msaada mwema. Lakini pale dukani wote hutumia jina moja la kuingilia, kwa hiyo orodha yao ni moja. Ajaye nyuma yako atasoma “malipo-ya-wakulima”. Hati hana, lakini amekwisha jua kwamba ipo, na kwamba wewe uliyetoka sasa hivi unayo mfukoni.

Basi, tuifute. Kwanza mwombe ruhusa mwenye mashine, kwa maana orodha ni ya wote.

1. Peleka kipanya kwenye kitufe cha duara, chini ya kioo upande wa kushoto. Bofya kwa kitufe cha kulia.

2. Chagua neno Properties.

3. Tazama palipoandikwa Privacy. Pana visanduku viwili vyenye alama ya vema. Cha kwanza ni cha programu na amri; cha pili ni cha hati zilizofunguliwa karibuni. Ondoa alama zote mbili.

4. Bofya Apply, kisha OK. Fungua Run tena, uhakikishe kwamba orodha haipo.

5. Mwenye mashine akitaka orodha ianze upya, rudisha alama.

Jihadhari: kufuta orodha si kufuta hati. Ukifuta jina la mtu daftarini, mtu mwenyewe bado yupo. Kama uliweka nakala ndani ya kompyuta, ifute, kisha umwage na kapu la taka. Kurasa za intaneti nazo zina orodha yao katika kivinjari. Hiyo hufutwa peke yake.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika nchini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina na akaunti za wakulima ni amana. Aliyekabidhiwa hana budi kuzilinda.

Maswali ya kujadiliana:

Kwa nini orodha ya dukani ni ya watu wote?

Ukiisha kufuta orodha, hati yako iko wapi?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.