NGUO ZA BARIDI NA GLAVU KWA WAENDESHA BAISKELI



Aliyezoea joto la Jabe, pale Bujumbura, hushangaa akifika kambini. Jabe ipo chini, karibu na Ziwa Tanganyika, ambalo liko kama mita 770 juu ya bahari. Kambi za Musasa, Gasorwe, Bwagiriza na Kavumu zipo kwenye nchi ya juu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Kiangazi, Juni hadi Agosti, baridi ya alfajiri huzidi. Anayetoka saa kumi na moja na baiskeli yake anaijua.

Kwa nini baridi hii ni hatari?

Anayetembea kwa miguu hupata joto kwa mwendo wake. Kwenye baiskeli, ukiteremka hukanyagi, na upepo unakupiga. Hewa ikiwa nyuzi 10 nawe unakwenda kilomita 30 kwa saa, mwili unaisikia kama nyuzi 7. Vidole hufa ganzi kwanza, na vidole ndivyo vinavyovuta breki. Katika mteremko mrefu kama ule wa Bugarama kwenda Bujumbura, mkono uliochelewa unaweza kuua.

Ununue nini kwanza?

Kama pesa ni kidogo, fuata utaratibu huu sokoni, kwenye caguwa:

1. Jaketi jepesi la kuzuia upepo. Weka kitambaa mdomoni, upulize. Pumzi ikipita kwa urahisi, upepo nao utapita. Jaketi jepesi la namna hii, na sweta ndani yake, hushinda koti zito peke yake.

2. Glavu. Zivae, kisha kunja ngumi na ushike breki ya baiskeli yako. Vidole visivutwe wala visielee. Glavu nene sana hukuzuia kuisikia breki. Zile za sufi laini huteleza kwenye chuma. Tafuta zenye ngozi au mpira kiganjani. Zinazobana huzuia damu, na mkono hupoa zaidi.

3. Sweta ya sufu au ya nailoni. Ya pamba ikilowa jasho mlimani haikauki upesi, nawe utatetemeka wakati wa kuteremka. Ukipanda, fungua zipu au vua sweta. Ukifika juu, vaa tena kabla ya kuteremka.

Kabla ya kulipa, angalia zipu, mishono ya kwapa na viwiko. Mikono ya jaketi ifike kwenye kifundo hata ukinyoosha mikono mbele. Rangi nyeupe au ya manjano huonekana mapema na dereva wa lori.

Kama huna pesa

Soksi nene za zamani huwa glavu: kata tundu la kidole gumba, na sehemu ya vidole vingine ikibana breki, ikate pia. Gazeti likunjwe na kuwekwa kifuani chini ya shati. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ulaya walifanya hivyo miaka mingi kwenye miteremko ya milima. Funga mpira wa tairi la ndani kwenye usukani, maana chuma hunyonya joto la mkono.

Usafi na usalama

Fua nguo za caguwa kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, pasi ikipatikana ipige, ili kuepuka upele na chawa. Funga suruali kwenye kifundo cha mguu. Usiache ncha ya skafu au kitenge karibu na mnyororo. Usishike lori mlimani, hata kama mikono ina joto.

KUMBUKA: Kabla ya kuteremka, simama. Kunja na kunjua vidole mara kumi, kisha jaribu breki zote mbili. Mkono ukikataa, shuka, sukuma baiskeli mpaka upate joto. Kuchelewa kazini ni afadhali kuliko kutofika.