Ndoo, Zamu na Wimbo: Ushairi wa Waborana wa Kinna

Ushairi wa Waborana ni wa kuimbwa, na mara nyingi huimbwa mbele ya ng'ombe. Kinna, katika kaunti ya Isiolo, na kote katika nchi ya Waso iliyopata jina kutokana na mto Ewaso Nyiro, ng'ombe si pambo la shairi. Ndiye anayeimbiwa, na mwimbaji anajua kwamba mnyama huyo asipokunywa, naye hatakula.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa ndugu zao wa kusini mwa Ethiopia, kwenye visima virefu vya tula. Wanaume hujipanga mmoja juu ya mwenzake, kuanzia majini hadi karibu na hori. Ndoo iliyojaa hupanda mkono kwa mkono, tupu ikishuka, huku mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Aliyezoea kuhesabu silabi za tarbia, shairi la Kiswahili la mishororo minne, hatazikuta hapa, kwani kipimo cha mshororo ni ndoo. Mwimbaji akikimbia, maji humwagika. Akilegea, ng'ombe waliosubiri tangu asubuhi huanza kusukumana. Sifa za mifugo na jasho la binadamu hutoka katika pumzi moja.

Kisimani, aba herega ndiye anayepanga zamu ya kunywesha. Malisho nayo yana baraza lake, dedha, linalotenga sehemu za masika, za kiangazi na za akiba wakati wa ukame. Kwa hiyo uwiano unaosifiwa na washairi hawa si utulivu wa mandhari. Ni hesabu ngumu ya maji, nyasi, idadi ya mifugo na nguvu za watu, na hesabu hiyo hukaa sawa kwa kuhama tu. Katika eebba, dua ya wazee inayoitikiwa kifungu kwa kifungu, nagaa, yaani amani, huombewa watu, mifugo na malisho kwa mfululizo mmoja. Waborana wengi wa Waso wamekuwa Waislamu tangu karne iliyopita, lakini eebba haikuondoka.

Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kati ya serikali ya Kenya na waasi wa kaskazini waliotaka kujitenga, viliivuruga hesabu hiyo. Watu walikusanywa kambini, mifugo mingi ikatwaliwa au kupigwa risasi, na matajiri wa jana wakawa maskini. Watu wa Waso hukiita kipindi hicho gaafa dhaabaa, wakati wa kusimamishwa. Ni jina zito, maana kabla ya kutaja risasi linataja miguu iliyozuiwa. Vita vikiendelea, mwaka 1966, Hifadhi ya Taifa ya Meru ikaanzishwa jirani na Kinna, na ardhi nyingine ikafungwa kwa mifugo.

Leo Kinna ina mashamba ya nyanya na vitunguu yanayomwagiliwa, na mahali pengi pampu huvuta maji. Pampu haihitaji mwitikiaji, hivyo wimbo wa ndoo umepoteza kazi yake. Ukame haujapungua: kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022, misimu 5 mfululizo ya mvua ilishindwa katika Pembe ya Afrika. Eebba imestahimili zaidi kwa sababu kazi yake ipo bado. Wazee wanapokutana kuamua nani ahamie wapi na nani asubiri, kikao hufunguliwa kwa dua hiyo, na hakifungwi bila hiyo.