Nani Aliyeipa Kibali Mashine Ile?

Mashine ya kamari hufuata fedha taslimu. Kule Macalder na Osiri, kaunti ya Migori, mchimbaji wa dhahabu akiuza punje zake hulipwa papo hapo. Mbita na Sindo, kaunti ya Homa Bay, omena huvuliwa usiku na pesa hushikwa asubuhi ufuoni. Hapo ndipo mashine inayomeza sarafu za shilingi 20 hupata wateja, na mtoto aliyetumwa dukani huifikia bila shida, ingawa sheria inamkataza hadi atimize miaka 18.

Mzazi akitaka kulalamika, aende wapi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja kamari na kasino miongoni mwa kazi za kaunti, kando ya leseni za pombe. Lakini kwa miaka mingi baada ya ugatuzi kamari iliendelea kusimamiwa na bodi ya kitaifa, BCLB, kwa sheria ya 1966. Sheria mpya ya 2025 ndiyo iliyoleta Mamlaka ya Kudhibiti Kamari.

Kampuni inayopokea dau kwa simu kutoka nchi nzima haiwezi kuachiwa kaunti moja, hilo naliafiki. Chumba cha kamari katika soko la Rongo au Oyugis ni jambo jingine. Aliye karibu nacho ni afisa wa kaunti anayetoa kibali cha biashara kila mwaka. Asipoingia ndani kutazama, kibali cha duka au kinyozi kitafunika mashine iliyo nyuma ya pazia. Msako wa polisi pekee hautoshi: mashine zikichomwa leo, mwenyewe ataleta nyingine.

Mfano tunao. Sheria ya pombe ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilikataza baa iliyo chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto, ikawapa wakazi nafasi katika kamati ya leseni na haki ya kupinga ombi. Chumba cha kamari kinastahili masharti hayohayo.

Basi mswada wa fedha wa kaunti unapoletwa kwa maoni ya umma, nendeni. Mwulizeni mwakilishi wadi wenu: orodha ya vyumba vya kamari vyenye kibali katika wadi hii iko wapi? Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuiona.