JE, WAJUA? Mpiga picha asiyekuwepo

Wezi 11 watanashati, usiku mmoja, kasino 3 za Las Vegas: Bellagio, Mirage na MGM Grand. Hiyo ndiyo Ocean's Eleven ya mwaka 2001, filamu inayonoga zaidi kwenye skrini kubwa. Ila usikimbilie mlangoni ikiisha. Katika majina ya waliotengeneza, mpiga picha ni Peter Andrews. Mtu huyo hayupo! Ni mwongozaji mwenyewe, Steven Soderbergh, aliyejipa majina ya baba yake. Don Cheadle, kwa upande wake, ni mmoja wa wale 11, lakini jina lake halimo katika majina hayo. Na mwigizaji mwenzake Brad Pitt? Suti safi, mdomo unatafuna, karibu kila anapotokea. Jaribu kuhesabu vitafunio vyake.