Bunduki ya kulinda mzigo: Hesabu anayopaswa kuipiga mfanyabiashara wa mpakani

Chukulia mfanyabiashara wa ng'ombe anayenunua Moroto, Uganda, na kuuza Lodwar, Kenya. Njia yake inashuka kutoka nyanda za Karamoja, inapita Lokiriama, kisha inaingia tambarare kavu ya Turkana. Akienda ana fedha taslimu mfukoni, akirudi ana mifugo inayoonekana kutoka mbali. Siku moja mwenzake ananyang'anywa kundi zima njiani. Wiki hiyohiyo, mtu anamnong'oneza sokoni kwamba ipo bunduki inauzwa. "Ni imara, haisumbuliwi na vumbi," anaambiwa, "na bei tutaelewana."

Wafanyabiashara wengi wanaovuka mipaka ya ukanda huu wamewahi kulifikiria jambo hilo, hata kama hawakulisema. Mtaji wa miaka kumi unaweza kupotea kwa dakika kumi, na kituo cha polisi kinaweza kuwa umbali wa nusu siku. Kwa hiyo si ujinga mtu kujiuliza kama anunue bunduki. Ujinga ni kununua kabla ya kupiga hesabu yote.

Sifa za mashine

Bunduki inayosifiwa katika minong'ono hiyo kwa kawaida ni ile inayoendeshwa kwa pistoni. Mwenye pikipiki ataielewa kwa urahisi. Risasi inapofyatuliwa, sehemu ya gesi ya baruti hupenya kwenye kitundu kilichotobolewa katika mtutu na kuisukuma pistoni. Pistoni hiyo hurudisha nyuma chuma kinachofunga chemba, ganda tupu linaruka nje, na springi inakirudisha chuma mbele kikiwa na risasi mpya. Ikiwa ni nusu-otomatiki, kila kidole kinapovuta hutoka risasi moja tu. Ikiwa ni otomatiki kamili, hutoka mfululizo hadi kidole kiachiwe au risasi ziishe.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni AK-47, iliyobuniwa na Mikhail Kalashnikov katika Umoja wa Kisovieti. Nyingine ni SKS ya Simonov, ambayo ni nusu-otomatiki na hubeba risasi kumi, na FAL ya Ubelgiji, iliyotumiwa na majeshi mengi ya Afrika baada ya uhuru. G3 ya Kijerumani, inayofahamika sana mikononi mwa askari wa Kenya, haina pistoni. Hutumia njia nyingine.

Sifa ya pistoni ni ya kweli. Masizi mengi hubaki mbele, karibu na mtutu, badala ya kurudi ndani ya mashine. Ndiyo maana bunduki hizo huvumilia vumbi na matunzo hafifu. Kasoro yake ni uzito wa vyuma vinavyokwenda mbele na nyuma kila risasi inapotoka.

Nchini Marekani, mtu anayefikiria kununua bunduki ya aina hiyo hulinganisha uzito, bei na ulengaji. Katika majimbo mengi huingia dukani, taarifa zake zikakaguliwa katika mfumo wa taifa ulioanza kazi mwaka 1998, na akishapita huondoka nayo. Kwake swali ni ipi iliyo bora. Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, swali hilo halifikiwi kabisa, kwa sababu kuna ukuta mbele yake.

Ukuta wa sheria

Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Miongoni mwake ni Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Itifaki hiyo ilianza kutumika mwaka 2006, na kituo cha kanda kinachosimamia utekelezaji wake, RECSA, kina makao yake Nairobi.

Ibara ya 3 ya itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao marufuku kamili kwa raia kumiliki na kutumia bunduki za otomatiki, bunduki ndefu za nusu-otomatiki na bunduki za rashasha. Haikusema "isipokuwa mwenye ng'ombe wengi" wala "isipokuwa mwenye lori".

Kila nchi ina sheria yake: Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Raia anaweza kuomba leseni, lakini kwa kawaida ni ya bastola, bunduki ya marisau au bunduki ya kuwindia. Huchunguzwa tabia yake, hueleza sababu yake, na huonyesha mahali salama pa kuitunzia. Mwenye leseni naye hana uhakika wa milele. Desemba 2018 serikali ya Kenya iliwaamuru wamiliki wote wa silaha wakahakikiwe upya.

Kwa hiyo ile bunduki ya mnong'ono wa sokoni haiwezi kuhalalishwa kwa kulipia leseni baadaye. Nchi za ukanda huu zimekuwa zikizigonga silaha za serikali alama za utambulisho, hivyo anayeshika bunduki ya magendo anaweza kuulizwa ilitoka ghala gani, na kama ilishawahi kuua, iliua nani. Mnunuzi hupokea pamoja na chuma hicho historia ambayo muuzaji hakumsimulia.

Mpakani mambo ni magumu zaidi

Hata mwenye leseni halali ya bastola anapaswa kujua kwamba leseni hiyo haivuki mpaka. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limerahisisha safari za watu na bidhaa, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Silaha hazimo katika wepesi huo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya inaziweka silaha na risasi katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa. Sheria hiyohiyo inaruhusu kutaifishwa si kwa bidhaa haramu peke yake, bali pia kwa chombo kilichoibeba.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Aliyenunua bunduki ili kulinda lori anaweza kulipoteza lori lenyewe kwa sababu ya bunduki.

Na lori si hasara kubwa kuliko zote. Aprili 2023, mahakama ya kijeshi iliyoketi Moroto iliwahukumu wafugaji 32 wa Turkana, raia wa Kenya, kifungo cha miaka 20 kila mmoja kwa kukutwa na silaha na risasi ndani ya Uganda. Mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni alitoa agizo la kiutendaji kuhusu wafugaji wa Turkana wanaovuka na silaha. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia, lakini uamuzi huo haukufanya silaha hizo kuwa halali. Kesi inabaki kesi, hata ikihamia mahakama ya kiraia.

Je, italinda kweli?

Tuseme sheria haipo. Bado kuna swali la faida. Wavamizi wa mifugo huja kwa kundi, tena wao ndio wanaochagua saa na mahali. Mtu mmoja mwenye bunduki, aliyechoka kwa mwendo, hapambani nao kwa usawa. Isitoshe, bunduki yenyewe ni mali inayotafutwa. Ikishajulikana kuwa ipo, wapo watakaomvamia kwa sababu yake, na ikiibiwa, makosa yatakayofanywa nayo yatamrudia mlangoni.

Njia zilizopunguza hasara za wafanyabiashara zinajulikana. Fedha za simu, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, zimewaondolea wengi haja ya kubeba noti: mnunuzi hufika sokoni na simu, akalipa mbele ya mashahidi. Wengine husafiri kwa misafara, hukodi lori kwa pamoja, hupita mchana, na huwaarifu viongozi wa kila eneo kabla ya kuingia. Kwenye barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye takriban kilomita 500, malori yalizoea kusafiri kwa msafara wenye askari. Lami ilipofika, safari iliyokuwa ya siku kadhaa ikawa ya saa chache, na saa chache ni nafasi ndogo kwa mviziaji. Bima ya mzigo nayo ipo, ingawa masharti yake yanafaa kusomwa kabla ya kulipia.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayompa mtu uhakika kamili. Lakini hakuna hata moja inayoweza kumpeleka jela miaka 20.

Yule mfanyabiashara wa Moroto na Lodwar ana jambo jingine la kulikumbuka katika njia yake. Lokiriama, anapopita na ng'ombe wake, ndipo Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipofanya mapatano ya amani mwaka 1973 na kuzika silaha ardhini. Watu waliokuwa wakiibiana mifugo kwa vizazi waliona kwamba njia itapitika kama wote wataziacha silaha hapo. Mapatano hayo bado huadhimishwa na jamii za pande zote mbili. Fedha ambazo angemlipa yule wa mnong'ono zinatosha kuanzia mfuko wa msafara na wenzake watano, wakapita hapo wakiwa pamoja.