Homa ya Maziwa: Ng'ombe Anapoanguka Baada ya Kuzaa

Katika nyanda za juu za Tanzania, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro hadi Rungwe, kaya nyingi hufuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa bandani. Ng'ombe huyo ndiye ada ya shule, ndiye kikombe cha maziwa cha mtoto, na samadi yake ndiyo inayostawisha migomba. Anapoanguka siku moja au mbili baada ya kuzaa, anayeitwa kwanza huweza kuwa muuguzi anayeishi jirani, kwa kuwa daktari wa mifugo yuko mbali. Inafaa basi mhudumu wa afya na mfugaji waelewe maradhi haya, kwani yasipotibiwa huweza kuua katika muda wa saa chache, na yakitibiwa mapema wengi hupona.

Chanzo chake

Jina la maradhi linapotosha, maana hayana homa. Joto la kawaida la ng'ombe ni takriban nyuzi 38.5 za Selsiasi. Mgonjwa huyu huwa na joto la kawaida au la chini yake. Tatizo ni upungufu wa kalsiamu katika damu.

Utegili wote wa damu ya ng'ombe una takriban gramu 3 tu za kalsiamu, ilhali kila lita ya dang'a hubeba zaidi ya gramu 2. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku hupoteza kiasi kinachozidi mara kadhaa akiba iliyomo katika damu. Ili kuziba pengo hilo, tezi za parathiroidi hutoa homoni inayoamuru mifupa iachie kalsiamu, na figo zitengeneze vitamini D iliyo hai ili utumbo ufyonze zaidi kutoka katika chakula. Kazi hiyo huchukua siku moja au mbili kukamilika, wakati kiwele hakisubiri. Kiwango cha kawaida ni milimoli 2.1 hadi 2.5 katika lita ya damu. Kikishuka chini ya 1.4, kwa kawaida mnyama huanguka.

Walio katika hatari kubwa ni ng'ombe wa uzao wa tatu na kuendelea, wanaotoa maziwa mengi, hasa wa aina ya Jersey.

Mwaka 1897, Jürgen Schmidt wa Kolding, Denmark, alianza kutibu maradhi haya kwa kuingiza dawa ndani ya kiwele. Baadaye ilionekana kwamba hata hewa pekee ilitosha: shinikizo lake lilizuia maziwa kutengenezwa, na kalsiamu ikabaki katika damu. Sababu yenyewe ilielezwa mwaka 1925, Dryerre na Greig walipohusisha maradhi haya na upungufu wa kalsiamu. Njia ya hewa haipendekezwi tena, kwani huweza kuingiza vijidudu vya ugonjwa wa kiwele.

Tofauti na binadamu

Mhudumu wa afya amezoea kuona upungufu wa kalsiamu ukileta mikakamao ya mikono na degedege. Kwa ng'ombe, baada ya mtetemeko mfupi wa mwanzo, hutokea kinyume chake: misuli hulegea, kwa sababu neva hushindwa kuipelekea ishara. Mama anayenyonyesha naye hapatwi na hali hii kwa kawaida, kwa kuwa maziwa yake hutoa takriban miligramu 200 hadi 300 tu za kalsiamu kwa siku.

Dalili

Mwanzoni ng'ombe huyumba, hutetemeka na kukataa chakula. Kisha hulala kifudifudi, shingo ikigeukia ubavuni. Masikio huwa baridi, pua hukauka, kinyesi hukoma. Hatimaye hulala ubavu, tumbo hujaa gesi, na hupoteza fahamu.

La kufanya

Mwite mtaalamu wa mifugo mara moja. Wakati mkimsubiri, mkalisheni mnyama kwa kifua, mkimwegemeza kwa magunia ya majani, ili gesi itoke na asivute matapishi mapafuni. Mtandikieni majani mengi na kumgeuza upande kila baada ya saa chache. Msimnyweshe chochote kwa nguvu, kwani hawezi kumeza vizuri.

Tiba ni kalsiamu ya mshipani iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo, gramu 8 hadi 12 za kalsiamu, ikipashwa joto la mwili na kuingizwa polepole huku mapigo ya moyo yakisikilizwa. Ikiharakishwa, moyo huweza kusimama. Si busara kuomba dawa ya zahanati: kichupa cha mililita 10 cha kalsiamu glukonati ya asilimia 10 kina takriban miligramu 90 tu za kalsiamu. Vingehitajika takriban mia moja, na mgonjwa wa zahanati angekosa. Sindano ya antibiotiki nayo haiongezi kalsiamu.

Wengi husimama baada ya saa chache, ila baadhi huanguka tena ndani ya saa 48; waangaliwe. Asiyesimama apimwe upya, kwani huenda ameumia misuli au ana maambukizi ya kiwele au kizazi. Kalsiamu haidhuru maziwa. Yachemshwe kama kawaida.

Kinga

Katika wiki tatu za mwisho wa mimba, punguza lusina na majani yaliyorutubishwa sana kwa samadi. Kalsiamu nyingi wakati huo hulegeza kazi ya homoni, na potasiamu nyingi huifanya mifupa isiitikie. Hakikisha anapata magnesiamu, na asinenepe kupita kiasi. Baada ya kuzaa, mpe madini yenye kalsiamu. Aliyewahi kuugua asikamuliwe hadi tone la mwisho siku ya kwanza. Ndama apate dang'a yake, nyingine ibaki kiweleni. Mtaarifu daktari wa mifugo kabla ya siku ya kuzaa, maana usiku wa dharura hauna muda wa kutafuta namba ya simu.