Picha Inayotafuta Ugonjwa Uliojificha

Ndugu msomaji, labda mtu wa jamaa yako anatumwa kwenye hospitali kubwa apigwe picha inayoitwa PET. Usiogope, jua kwanza namna inavyofanya kazi.

Vitu vyote, hata mwili wako, vina chembe ndogo sana zinazoitwa elektroni, zenye umeme hasi. Mwaka 1931 Mwingereza Paul Dirac alionyesha kwa hesabu kwamba elektroni inapaswa kuwa na mwenzake: uzito sawasawa, lakini umeme chanya. Mwaka 1932 Carl Anderson wa Marekani aliona alama ya njia yake. Chembe hiyo ni pozitroni.

Pozitroni na elektroni haziwezi kukaa pamoja. Zikikutana zote mbili hutoweka, na mahali pao hutoka miali miwili isiyoonekana kwa macho, mmoja ukienda huku na wa pili upande wa kinyume.

Waganga hutia katika mshipa sukari kidogo yenye dawa inayotoa pozitroni. Kansere nyingi hula sukari kwa pupa, basi dawa hukusanyika pale. Mashini ya duara hupokea ile miali miwili kwa pamoja, na kujua kwamba imetoka katika mstari ulio kati yake. Mistari mingi ikikutana, mahali pa ugonjwa panaonekana.

Je, mwili utaungua? Hapana. Dawa ni kidogo, na nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Kesho yake karibu yote imekwisha.

Basi, shika mambo haya:

1. Kwa kawaida usile muda wa saa 6 kabla ya picha. Kunywa maji tu. Anayekula kwa siri anajidhuru mwenyewe: dawa itaingia katika misuli, na kansere itaweza kujificha.

2. Mwenye mimba, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa sukari amwambie mganga mbele ya sindano.

3. Baada ya sindano, pumzika karibu saa moja bila kutembea.

4. Usibebe mtoto mchanga mpaka mganga akuruhusu.

Tena, picha si hukumu. Kifua kikuu nacho hula sukari, nacho huonekana hivyo hivyo. Kwa hiyo mganga anaweza kukata kipande kidogo cha nyama akipime. Ngoja neno lake, ndugu, wala usiwaage watoto wako kwa sababu ya picha peke yake.